Karamu ya Watu Wawili

Mkahawa ule wa Kiitaliano ulikuwa kwenye kona ya mtaa wa maduka ya vitambaa, chini ya jengo ambalo rangi yake ya njano ilikuwa imeanza kubanduka. Mtu akipita nje jioni, harufu ya kitunguu saumu, jibini na mkate uliotoka tanurini ilimshika pua ikamvuta ndani kama samaki aliyenasa ndoanani. Kwa mke na mume wa kisa hiki, hapo hapakuwa mahali pa kula tu. Hapo ndipo mume, enzi za ujana wake, akiwa amevaa suruali ya kuazima, alipotamka ombi la ndoa huku uzi wa tambi ukimning'inia kidevuni. Bibi arusi mtarajiwa alicheka mpaka akakubali. Tangu hapo, kila siku ya kuzaliwa ya mke ilipowadia waliketi pale wawili tu, meza ya dirishani, na mwishoni mume alikwenda mwenyewe jikoni kumletea mkewe sahani ya tiramisu, ile keki laini ya Kiitaliano, yenye mshumaa mmoja katikati.

Mwaka huo mke alikuwa anatimiza miaka hamsini. Na mwaka huo mume aliiogopa siku hiyo kama mtoto aogopavyo sindano.

Mume alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali kubwa ya mji. Kila mtu, tangu walinzi wa lango hadi madaktari bingwa, alimwita Umeme. Jina hilo hakujipa. Alilipata kwa miaka mingi ya kupenya katikati ya magari kama uzi upenyavyo tundu la sindano, akiwafikisha wajawazito kabla mambo hayajaharibika na majeruhi kabla roho haijaacha mwili. Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke mchangamfu mwenye maneno ya kuchekesha na jicho la kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Walijaliwa mapacha ambao sasa walikuwa watu wazima na kazi zao ziliwapeleka mbali, lakini majina yalibaki nyumbani: yeye Baba Mapacha, naye Mama Mapacha.

Ugonjwa ulimjia Umeme kwa kunyata. Mwanzoni alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Kisha akawa anamkanyaga paka, mpaka paka mwenyewe, aliyezoea kulala popote apendapo, akahamia juu ya kabati. Baadaye kingo za dunia zikaanza kuliwa kidogo kidogo, kama mkate unaogugunwa na panya, hata akawa anaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Kilichokuwa mbele yake hasa alikiona sawasawa. Kilichokuwa pembeni hakikuwapo kabisa. Na giza likiingia, hata hicho cha mbele kilififia.

Hakumwambia mtu. Alijua fika kwamba siku atakayofungua kinywa ndiyo siku atakayonyang'anywa funguo. Lakini hofu yake haikuwa ya kazi peke yake. Utotoni alimshuhudia baba yake mdogo akipofuka. Mzee yule, seremala aliyesifika, aliishia kuketishwa kwenye kiti karibu na mlango, watu wakimkwepa kama gunia na kumsengenya mbele yake, kana kwamba macho yalipoondoka yaliondoka na masikio. Umeme alipokumbuka kile kiti, ulimi wake uliganda.

Basi akawa bingwa wa visingizio. Zamu za usiku alizikwepa: leo tumbo, kesho mgongo, keshokutwa msiba wa jirani. Mchana alitegemea king'ora, kwa kuwa wengine ndio waliomwona yeye wakampisha. Muuguzi aliyeketi naye mbele alipopiga kelele, "Umeme, pikipiki hiyo!" alikata usukani ghafla na kusema, "Nilikuwa napima moyo wako tu, dada." Muuguzi alicheka. Umeme naye alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni. Kifuani kulikuwa na ngoma.

Mkewe aliona mabadiliko, ila aliyasoma vibaya. Siku moja alimpungia mkono barabarani, mume akampita kama hamjui. Jioni hakutaka tena kutoka. Mke akiingia chumbani na gauni jipya, hakugeuza hata shingo. Rafiki yake wa dukani akamnong'oneza huku akikata uzi kwa meno, "Shoga, mwanamume asiyekuona wewe, ujue kuna anayemwona." Maneno hayo yalimwingia Mama Mapacha kama mwiba uliokatikia mguuni, kila alipokanyaga, yalimchoma.

Siku yenyewe ilipofika, Umeme alijaribu bahati yake asubuhi.

"Mama Mapacha, mbona mwaka huu tusiende kula mchana?"

"Mchana? Kwani natimiza miaka mitano, niwahi kulala?"

"Nasema tu. Jioni kuna msongamano."

"Umeme mzima anaogopa msongamano!" Mke alicheka, lakini macho yake yalibaki usoni mwa mumewe kwa muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Waliondoka jua likingali juu ya mapaa, kwa kuwa Umeme aliharakisha mpaka mke akavaa hereni ndani ya gari. Hata hivyo mawingu mazito yalikuwa yamejikusanya, na kabla hawajafika mwanga ulikuwa umepungua. Umeme alilifuata gari la mbele yake, taa zake mbili nyekundu, kama kipofu ashikavyo ncha ya fimbo. Mkewe alizungumza habari za mteja aliyetaka mapazia ya rangi ya embe bivu. Yeye aliitikia "mm" na "ehe," viganja vikiteleza kwa jasho kwenye usukani.

Mlangoni walipokelewa na mhudumu mkuu, mtu mfupi ambaye wateja walimwita Tai kwa sababu hajapata kuonekana bila tai ya kipepeo shingoni.

"Karibuni, karibuni! Safari hii mtashangaa. Tumebadilika!"

Kweli walikuwa wamebadilika. Mlango wa jikoni ulikuwa umehamishiwa upande mwingine. Sehemu ya sakafu ilikuwa imeinuliwa, na meza zilipangwa upya kwa namna ambayo Umeme hakuielewa. Lakini kilichomtoa pumzi ni taa. Zile taa kubwa za darini zilikuwa zimeondolewa, na juu ya kila meza kulikuwa na mshumaa mdogo ndani ya glasi nyekundu.

"Mapenzi hayataki taa kali, bosi," alisema Tai kwa fahari.

Umeme alijiona kama mtu aliyetumbukizwa kisimani. Mbele yake kulikuwa na vidoa vyekundu vikielea, na katikati ya vidoa hivyo hakukuwa na kitu. Akaukamata mkono wa mkewe kwa nguvu. Mama Mapacha alishtuka, kisha akatabasamu gizani. Mumewe hakuwa amemshika mkono hadharani kwa muda mrefu. Maskini, hakujua kwamba aliyeshikwa si mke, bali mkongojo.

Waliketi. Meza ya dirishani ilikuwa imechukuliwa na mama mmoja aliyekuja na bintiye mdogo, mtoto wa rika la chekechea mwenye utepe wa manjano kichwani. Umeme aliagiza lasanya bila kufungua orodha ya vyakula. Tai alipoondoka, Umeme aliendelea kumwambia juu ya chumvi, mpaka mkewe akamuuliza, "Unaongea na nani?"

"Na wewe," akajibu haraka.

"Mimi ndiye niliyeambiwa nisizidishe chumvi?"

Wakacheka. Punde akaipiga glasi kwa kiwiko, maji yakamwagikia kitambaa cha meza. Mke akafuta. Chakula kikaja, na Umeme akala akiwa ameinamia sahani, akipapasa kwa uma kama kuku anayetafuta punje. Kila mlio wa kiti ulimshtua. Kila kivuli kilichopita kilikuwa kwake kama mtu aliyetoka ukutani.

Walipokuwa katikati ya chakula, Mama Mapacha alinyoosha mkono wake kandokando ya meza, kiganja juu, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wachumba. Akangoja. Umeme aliendelea kula. Mkono ukakaa pale, kisha ukarudi polepole ulikotoka.

"Baba Mapacha."

"Naam, mke wangu."

"Nakuuliza jambo, na leo usinizungushe. Una mtu?"

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Mtu mwingine ni yupi?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mkono wangu umekaa hapa kama wa ombaomba, wewe unakula. Juzi nimekupungia, umenipita kama nguzo. Hunitazami tena. Kama yupo niambie, nilie leo nimalize."

Uma ukasimama hewani. Kwanza Umeme alitaka kucheka kwa nafuu. Kisha akauona uso wa mkewe, mdogo, ukiwa mwishoni mwa lile bomba, mashavu yakimeremeta kwa machozi, na moyo wake ukamuuma. Ukweli ulimpanda mpaka kooni. Lilikuwa neno moja tu: sioni. Angelisema, mambo yangekuwa mengine. Lakini palepale akakiona kile kiti cha karibu na mlango, na baba yake mdogo akitazama upande ambao hakuna mtu. Akalimeza neno lile pamoja na lasanya.

"Ni uchovu tu, Mama Mapacha. Kazi imenielemea. Hakuna mwanamke."

"Apa."

"Haki ya Mungu, hakuna."

Uongo ule ulikuwa umevaa koti la ukweli, maana kweli mwanamke hakuwapo. Mke akamtazama, akapumua, akajifuta macho kwa kona ya kitambaa. Alitaka kuamini, na mwenye kutaka kuamini hahitaji ushahidi mwingi.

"Haya, basi niletee tiramisu yangu. Au nayo umechoka kuibeba?"

Alisema kwa mzaha, lakini Umeme alisikia mtihani ndani yake. Akasimama.

Kwenda hakukumshinda. Alilifuata shati jeupe la Tai hadi jikoni, na huko, chini ya taa kali, akawa mtu tena. Akamtania mpishi juu ya kitambi chake, akaikagua sahani, akawasha mshumaa mwenyewe. Kisha Tai akaitwa na wateja wengine. Umeme akabaki peke yake mbele ya mlango, sahani mikononi, miguu ikiwa mizito kama ya mtu anayeitwa mahakamani.

Aliusukuma mlango kwa bega. Ulipojifunga nyuma yake, mwanga wote ukafungwa pamoja nao. Palibaki ule mwali mdogo mbele ya uso wake, nao, badala ya kumwangazia, ulimeza kila kitu kingine. Hakuona meza. Hakuona sakafu. Hakuona hata mikono yake iliyobeba sahani. Akafikiri kurudi. Akafikiri kuita. Hapo akasikia sauti ya mkewe, imejaa furaha kama msichana, "Huyo! Huyo anakuja!" Wateja wakaanza kupiga makofi. Aibu ikamsukuma mgongoni, naye akaanza kutembea kuifuata sauti.

Yule mtoto wa utepe wa manjano aliuona mshumaa. Akateleza kutoka kitini, akamkimbilia. Upande wa pili alikuwa anapita msichana mhudumu, trei mkononi, juu yake birika la kahawa iliyotoka kuchemka. Msichana aliona mtu mzima anakuja, akadhani atapisha. Mtoto naye alidhani hivyo hivyo. Mama Mapacha aliona, akafungua mdomo. Mkahawa mzima uliona. Umeme peke yake hakuona.

Goti lake lilimpiga mtoto kifuani. Alipoyumba ili asimwangukie, kiwiko chake kikaikumba trei. Birika likapinduka.

Kilio kilichotoka hapo hakikufanana na kilio cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kirefu, chembamba, kikipanda kama king'ora, kikawafanya watu wazima wasimame na kushika vichwa. Umeme alisikia kelele na viti vikianguka. Hakujua amemkanyaga nani wala amevunja nini. Alisimama tu na ile sahani, mshumaa umezimika, akigeuza kichwa huku na huku kama ndege aliyeingia chumbani.

"We msichana!" Tai alimkaripia mhudumu. "Macho yako yako wapi?"

"Si mimi! Ni yeye kanigonga!" Msichana alikuwa akilia. "Nilidhani ameniona!"

"Mteja amebeba keki, wewe umebeba moto! Nani wa kumpisha mwenzake?"

Umeme alisikia yote. Kusema kungehitaji pumzi moja tu, lakini hofu ilimfunga ulimi, akamwacha msichana wa watu abebe lawama.

Mama Mapacha hakungoja mashauri. Alimnyakua yule mtoto akakimbia naye jikoni, akauweka mkono na bega lake chini ya bomba, maji baridi yakashuka. Mama mzazi alimfuata akipiga mayowe, "Mwanangu! Hospitali, jamani! Nani ana gari?"

"Gari?" Tai alipaza sauti. "Kwani tunahangaika nini, naye Umeme mwenyewe yupo hapa? Huyu ndiye dereva wa gari la wagonjwa! Bosi, mpeleke mtoto!"

Nyuso zote zikamgeukia. Mtu akampiga begani kwa matumaini. Mama wa mtoto akamshika shati kwa mikono miwili.

"Kaka yangu, nakuomba. Fanya hima."

"Twende, Baba Mapacha!" Mkewe alikuwa ameshamfunga mtoto kitambaa kilicholoweshwa. "Unangoja nini?"

Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwa fujo. Umeme aliketi nyuma ya usukani kwa sababu kila mtu alimsukuma huko, na kwa sababu miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia "fanya hima" akakataa. Mkewe aliketi kando yake, mama na mtoto nyuma. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa maji, na kila taa ya barabarani ilikuwa imepasuka ikawa duara kubwa lenye miale, duara likiingia ndani ya duara. Chini ya taa hizo hakukuwa na barabara. Palikuwa na weusi mtupu.

Akaliondoa gari. Alisema moyoni kwamba njia hii anaijua kama kiganja chake. Kushoto kwenye benki, shimo, kulia. Mtoto aliguna nyuma yake, mama akimwimbia kwa sauti iliyokatika katika. Umeme alikuwa ameuinamia usukani mpaka pua ikakaribia kioo.

"Taa nyekundu!" alisema mkewe. "Taa... umepita taa nyekundu!"

Honi ndefu ikawapita ubavuni. Umeme hakujua imetoka wapi.

"Baba Mapacha, una nini? Mbona hutazami—simama! SIMAMA!"

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likateleza juu ya maji, likayumba, mama wa mtoto akapiga yowe, kisha likatulia. Mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuguswa, mwanamume aliyevaa koti la mvua alikuwa ameshikilia baiskeli yake yenye mzigo wa mkaa. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwama chini ya bampa. Mtu yule alibaki ameduwaa, kisha hasira ikamjia. Akalipiga boneti kwa kofi.

"Wewe! Wewe ni kipofu?"

Ni tusi ambalo madereva hurushiana kila siku barabarani, na wote huondoka wakalisahau. Umeme alilisikia kupitia mvua, kupitia kioo. Mikono yake ikaanguka kutoka kwenye usukani.

"Ndiyo," alisema.

Mkewe akamgeukia. "Umesema nini?"

"Ndiyo. Sioni, Mama Mapacha. Gizani sioni kitu, na mchana naona kama mtu aliyefungiwa ndani ya bomba. Yule mtoto sikumwona. Huyu sikumwona. Mkono wako... sikuuona."

Ndani ya gari mtoto alikuwa akiguna, na vifuta kioo vilikwenda na kurudi. Mama Mapacha akautazama usukani. Zamani alijifunza kuendesha ili afuate vitambaa sokoni. Lakini usiku hakuwahi kushika usukani, na mvua aliiogopa hata akiwa kitandani.

"Shuka," alisema. "Zunguka upande huu. Shika mlango usianguke."

"Utaweza?"

"Siwezi. Lakini mimi naona."

Wakabadilishana viti, mwenye baiskeli akilichomoa gurudumu lake na kujitoa njiani. Mama Mapacha akakanyaga mafuta, gari likaruka mara mbili likazimika, mama wa mtoto akaita jina la Mungu. Umeme alifumba macho. Kwa macho yaliyofumbwa aliiona njia yote, kona kwa kona, kama alivyoipita kwa miaka.

"Nenda taratibu. Mbele kuna kituo cha mafuta?"

"Kipo."

"Ukikipita, shika kulia. Kuna bonde, litajaa maji. Pita katikati, usikanyage breki. Halafu mzunguko. Usiogope magari, wewe ingia."

"Naogopa."

"Najua. Ingia hivyo hivyo."

Walifika. Wauguzi waliomwona Umeme akishuka upande wa abiria walidhani ameumia yeye. Mtoto alipelekwa chumba cha dharura mbio, na baada ya muda uliowaonekea wote kama mwaka, daktari wa zamu alitoka akasema kwamba maji baridi yalisaidia sana. Uso na macho vilikuwa salama, ila mkono na bega vingebaki na kovu.

Umeme alisimama akamfuata mama wa mtoto kwenye ujia wa hospitali, akipapasa ukuta wa vigae kwa vidole.

"Dada, yule mhudumu hana kosa. Aliyemgonga mwanao ni mimi. Macho yangu yana ugonjwa. Nilijua muda mrefu, nikaficha."

Mama yule alimtazama kama anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, na bado ukanipakia mimi na mwanangu ndani ya gari lako?"

Mama akageuka, akaingia kwa mtoto wake, mlango ukajifunga taratibu. Katika maisha yake yote Umeme hakuwahi kutukanwa tusi zito kama mlango ule uliojifunga polepole. Akachukua simu, akampigia Tai, akamwambia ukweli juu ya msichana wa kahawa.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi, viatu vya sherehe vimelowa, hereni moja imepotea.

"Nimelia miezi mizima kwa sababu ya mwanamke asiyekuwapo," alisema bila kumtazama. "Nimemtukana, nimemlaani, hata sura nimempa. Kumbe mke mwenzangu ni ugonjwa."

"Niliogopa nitakuwa mzigo kwako."

"Mzigo?" Sasa alimgeukia. "Mimi mzigo naujua, nimekuzalia wawili kwa mpigo. Mzigo ungenipa, tungeubeba. Wewe umeuficha mpaka ukamwangukia mtoto wa mwenzetu." Akalia, naye Umeme akaunyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa mkewe mpaka akaupata. Mkewe hakuuondoa, wala hakuubana.

Asubuhi alipelekwa kliniki ya macho, jengo ambalo alikuwa akilipita kila siku kwenda kuegesha gari. Daktari alikuwa mwanamke mpole asiye na haraka. Alimpima, akamwangazia tochi, akauliza kama katika ukoo wao kuna aliyepofuka. Umeme akamtaja baba yake mdogo. Daktari akatikisa kichwa, akaeleza kwamba ni presha ya macho: inakwenda kimya, inaua mshipa unaopeleka picha ubongoni, na ilichokiua hakifufuki. Wale mapacha nao waje wapimwe.

"Ulianza kugonga milango lini?" akauliza.

Umeme akamwambia.

Daktari aliweka tochi mezani. "Ungekuja wakati ule, matone haya haya ninayokupa leo yangekuachia karibu macho yako yote. Sasa tutalinda kilichobaki. Ni kidogo."

Umeme alirudisha funguo siku hiyohiyo. Mkuu wa usafiri alizipokea. Muuguzi aliyezoea kuketi naye mbele alikuwa pale, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa akizikumbuka zile pikipiki zote, moja baada ya nyingine, na kwamba safari hii hakuona cha kucheka.

Baada ya majuma kadhaa, Mama Mapacha alimshika mkono wakaenda kumjulia hali yule binti. Mama yake aliwafungulia, akawakaribisha kwa adabu iliyopungukiwa joto. Umeme aliingia sebuleni, akatazama mbele, akaona kiti kitupu.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Yupo hapo kando yako," mkewe akamjibu kwa sauti ndogo.

Ilimbidi ageuze kichwa chote ndipo amwone. Alikuwa amejibana nyuma ya gauni la mama yake, mkono umefungwa bandeji mpaka begani, akimkodolea macho mtu yule mkubwa aliyetembea bila kuona watoto. Umeme alipopiga hatua, binti alirudi nyuma na kuanza kulia. Umeme akasimama palepale, hakuthubutu kusogea tena.

Siku zote alidhani kwamba ugonjwa wa mwili wake ni siri yake, na ukimshinda atalia mwenyewe, faraghani. Haikuwa hivyo. Kilio kilichomuumbua mbele ya mkewe na mji mzima kilitoka katika kinywa cha mtoto asiyemdai kitu, aliyetaka tu kuona mshumaa. Ndiyo maana wahenga hawakutaja kilio cha nani. Walisema tu, na hawakukosea, kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.